Kubadilisha Mashine ya Gemu ya Zamani kwa Mpya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Pesa

Katika miji na vituo vya biashara vya Kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa na Mariakani hadi Kilifi mjini, Watamu, Malindi na Gongoni, mashine za kuchezea gemu zimekuwa kitega uchumi cha vijana wengi. Mtu hununua PlayStation moja au mbili, huweka televisheni ndani ya kibanda, na wachezaji hulipa kwa kila mechi. Majumbani nako mashine hizi zimeingia, mara nyingi zikiwa zawadi kutoka kwa jamaa aliye Mombasa, Nairobi au ng'ambo.

Mashine hizi huzeeka, na hapo ndipo mwenye mashine husikia maneno haya: "Lete hiyo ya zamani, uongeze pesa kidogo, uchukue mpya." Wapo waliofanya hivyo wakafaidika. Wapo pia waliopewa mashine isiyosoma CD zao, simu iliyojifunga baada ya wiki mbili, au mali ambayo polisi walikuja kuichukua. Kwa mwenye kibanda, hasara ya aina hiyo ni mtaji wote kupotea kwa siku moja.

Makala haya yanaeleza namna ya kupiga hesabu, mambo ya kukagua, haki zako kisheria, na pa kupeleka mashine iliyokufa kabisa.

KWA NINI MASHINE HUPITWA NA WAKATI

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, PlayStation 3 mwaka 2006, PlayStation 4 mwaka 2013 na PlayStation 5 mwezi Novemba 2020. Upande wa Xbox, Xbox 360 ilitoka mwaka 2005, Xbox One mwaka 2013, na Xbox Series X na Series S mwezi Novemba 2020.

Kila kizazi kipya kinapokuja, watengenezaji wa gemu huendelea kuhudumia kile cha zamani kwa miaka kadhaa, kisha huacha. Kwa mfano, gemu ya mwisho ya FIFA kutengenezewa PlayStation 3 ilikuwa FIFA 19, iliyotoka mwaka 2018. Tangu mwaka 2023 gemu hiyo inaitwa EA Sports FC, na haichezeki kwenye PlayStation 3. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mteja anayetaka timu za msimu huu hataikalia.

Hapa Pwani kuna sababu nyingine mbili. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na hivyo viungo vya ndani hushika kutu mapema, hasa mashine ikiwekwa karibu na dirisha lililo wazi. Pia umeme ukikatika na kurudi ghafla huweza kuunguza sehemu ya ndani inayopokea umeme. Kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ni rahisi kuliko mashine mpya.

PIGA HESABU YA PESA UNAYOONGEZA

Wauzaji hupenda kutaja bei watakayokupa kwa mashine yako. Bei hiyo pekee haikuelezi lolote. Muhimu ni pesa utakayoongeza ili uondoke na mashine mpya.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko.

Duka la kwanza linakupa shilingi 12,000 kwa PlayStation 4 yako, na linauza PlayStation 5 kwa shilingi 68,000. Utaongeza shilingi 56,000.

Duka la pili linakupa shilingi 9,000 tu, lakini linauza PlayStation 5 ya aina hiyo hiyo kwa shilingi 62,000. Utaongeza shilingi 53,000.

Duka la kwanza lilionekana kuwa karimu, kumbe ndilo ghali kwa shilingi 3,000.

Sasa tuseme unamuuzia jirani mashine yako mwenyewe kwa shilingi 15,000, kisha unanunua mpya kutoka duka la pili. Utaongeza shilingi 47,000. Umeokoa shilingi 6,000 zaidi, ila utatumia muda kumtafuta mnunuzi, na utajibu mwenyewe akirudi na malalamiko. Duka hukupa bei ya chini kwa sababu linabeba kazi hiyo na hatari hiyo. Si dhuluma, mradi umejua unalipia nini.

Mwenye kibanda aongeze hesabu nyingine. Padi za PlayStation 4 hazichezi gemu za PlayStation 5, hata zikiunganishwa kwenye mashine hiyo. Zitacheza gemu za PlayStation 4 pekee. Kwa kuwa mechi huchezwa na watu wawili, utahitaji padi ya pili mpya. Tuseme padi hiyo ni shilingi 8,000. Sasa umetoa jumla ya shilingi 55,000. Ikiwa mashine mpya itakuongezea faida ya shilingi 300 kwa siku, utahitaji siku 184, yaani miezi sita, kurudisha pesa yako. Ikiwa itakuongezea shilingi 100, utahitaji mwaka mmoja na nusu. Andika makadirio yako mwenyewe kabla ya kukopa katika chama au sako.

Usisahau umeme. PlayStation 5 inapocheza gemu nzito hutumia takriban wati 200. Ikichezwa saa kumi kwa siku, hiyo ni uniti mbili za tokeni, mbali na televisheni na feni.

Na kabla ya yote, jiulize kama ni lazima uiachilie ya zamani. Kibanda chenye mashine mbili huhudumia wateja wengi zaidi Jumamosi jioni kuliko chenye moja, hata kama ya pili ni ya kizazi kilichopita.

JE, MPYA ITAFANYA KAZI NA VITU ULIVYO NAVYO?

Televisheni. PlayStation 4 na PlayStation 5 zinatumia waya wa HDMI peke yake. Televisheni ya zamani yenye matundu ya nyekundu, nyeupe na manjano pekee haitafaa.

CD. PlayStation 5 yenye sehemu ya kuingizia CD inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4. Lakini ipo PlayStation 5 inayoitwa Digital Edition, ambayo haina sehemu hiyo. Xbox Series S pia haina. Ukiwa na CD 20 za PlayStation 4 na ukachukua Digital Edition kwa kuwa ni rahisi, CD hizo hazitakufaa hapo. Kwa PlayStation 5 nyembamba zilizotoka mwishoni mwa 2023, sehemu ya CD inaweza kununuliwa kando, na inahitaji intaneti mara ya kwanza kuunganishwa. CD za PlayStation 3 hazisomeki kwenye PlayStation 4 wala 5.

Umeme. Umeme wa Kenya ni volti 240. Baadhi ya mashine za zamani zilizoletwa kutoka Marekani au Japani zilitengenezwa kwa volti 100 hadi 120 pekee. Soma maandishi yaliyo nyuma au chini ya mashine, au kwenye adapta yake. Yakisema "100–240V", ni sawa. Yakisema "120V" pekee, usiichomeke ukutani bila kifaa cha kupunguza umeme.

KABLA YA KUITOA YA ZAMANI

Mashine ya gemu hubeba habari zako: jina, baruapepe, picha, mazungumzo na marafiki, na pengine nambari za kadi ya benki. Anayeipokea bila kufutwa anaweza kununua vitu kwa jina lako au kuichukua akaunti yako kabisa. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Hifadhi gemu zako. Nakili maendeleo ya gemu zako kwenye flashi au kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Ukihamia PlayStation 5 kutoka PlayStation 4, unaweza pia kuhamisha kupitia mtandao wa nyumbani mashine zote mbili zikiwa zimewashwa. Kwa hiyo, ikiwezekana, usiitoe ya zamani kabla mpya haijafika mkononi.

2. Itenganishe na akaunti yako. Kwenye PlayStation 4, ingia katika mipangilio ya akaunti na uondoe mashine hiyo isiwe mashine kuu ya akaunti yako.

3. Futa kila kitu. Rudisha mashine katika hali iliyotoka nayo kiwandani. PlayStation 4 ina njia mbili, ya haraka na ya kamili. Chagua ile ya kamili. Huchukua saa kadhaa, kwa hivyo ifanye nyumbani usiku uliotangulia, si kwenye kaunta ya duka.

4. Badilisha nenosiri la akaunti yako baada ya mashine kuondoka.

Kumbuka: gemu ulizonunua mtandaoni ziko kwenye akaunti yako, si kwenye mashine. Ukiwa na akaunti hiyo utazipata katika mashine yako mpya. Usikubali kumpa mnunuzi akaunti yako "ili apate gemu", kwa sababu utakuwa umempa na habari zako zote.

KAGUA UNAYOPEWA

Mashine nyingi zinazouzwa kwa njia hii zimetumika, zikiwemo zile wafanyabiashara huziita "ex-UK". Kutumika si kosa. Lakini ikague ukiwa dukani, na umeme ukiwa umewaka.

Icheze kwa nusu saa au zaidi, kwa gemu nzito. Mashine yenye tatizo la joto hufanya kazi vizuri dakika kumi za kwanza, kisha feni hupiga kelele na mashine hujizima.

Ingiza CD yako mwenyewe na uitoe mara mbili au tatu.

Tikisa kidogo waya wa HDMI. Picha ikipotea, tundu limelegea.

Jaribu kila kitufe cha padi. Ukiachilia kijiti na mchezaji akaendelea kutembea peke yake, padi hiyo imechoka.

Iunganishe na intaneti kwa kutumia simu yako. Baadhi ya mashine zimefunguliwa kinyume cha masharti ya mtengenezaji ili zicheze gemu za kunakili, na huuzwa zikiwa zimejazwa gemu tele. Mashine ya namna hiyo inaweza kufungiwa kabisa isiingie mtandaoni, na ukiisasisha, gemu hizo zinaweza kuacha kufanya kazi. Kuuza au kutumia kibiashara gemu za kunakili pia kunakiuka sheria ya hakimiliki.

Angalia misumari na matundu ya hewa. Kutu ya kijani au nyeupe ni dalili kwamba chumvi imeingia.

Ikiwa unabadilisha mashine kwa simu, piga *#06# uone nambari ya IMEI, na uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Kisha uliza waziwazi kama simu hiyo ilinunuliwa kwa malipo ya kidogokidogo na deni halijaisha. Simu ya aina hiyo hujifunga malipo yasipoendelea, hata ikiwa mkononi mwa mtu asiyehusika na deni.

MALI YA WIZI

Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Bei ya chini mno, muuzaji asiyetaka kuonyesha kitambulisho, au mashine isiyo na waya wala boksi inayouzwa kando ya barabara usiku ni sababu za kutosha za kushuku. Hata ukiwa hukujua, mwenyewe akithibitisha kuwa ni mali yake, mashine itarudi kwake nawe utabaki kumdai aliyekuuzia.

Kwa upande mwingine, andika leo nambari ya mashine yako iliyo kwenye kibandiko nyuma au chini yake. Ikiibwa, peleka nambari hiyo kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB. Bila nambari ya mashine, ni vigumu kuthibitisha kwamba mashine iliyopatikana ni yako.

Wazazi nao wawe macho. Kijana wa chini ya miaka 18 asiende kubadilisha mashine peke yake, na mwenye duka asikubali mashine kutoka kwa mwanafunzi bila kumwona mzazi au mlezi. Mara nyingi mashine hiyo ni ya kaka, mjomba au jirani.

ANDIKENI MAPATANO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja inatosha, iwe na mambo yafuatayo:

majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili;
aina na nambari ya mashine inayotolewa, na thamani yake mliyokubaliana;
aina na nambari ya mashine inayochukuliwa, na kama ni mpya au imetumika;
pesa iliyoongezwa na njia iliyolipwa;
kasoro zinazojulikana;
muda wa waranti, na nani atagharimia matengenezo;
tarehe na sahihi.

Ukilipa kwa M-PESA, lipa kwa nambari ya duka na uhakikishe jina linalojitokeza ni la duka hilo. Hifadhi ujumbe. Usitume pesa ya "kushikilia" mashine ambayo hujaiona, kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni pekee. Mkutane mchana, mahali penye watu na umeme wa kujaribia.

SHERIA INAKULINDA VIPI

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Haki hizi zimefafanuliwa katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 nayo inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo, kwa mfano kuiita mashine iliyotumika kuwa mpya. Bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" haliondoi haki hizi.

Kuna mipaka miwili ya kufahamu. Kwanza, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, ni vigumu kulalamikia baadaye kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha. Ndiyo maana ukaguzi wako uwe wa kweli. Pili, ulinzi wa ubora ni mkubwa zaidi unaponunua kwa mfanyabiashara kuliko kwa mtu binafsi anayeuza chombo chake cha nyumbani. Kwa mtu binafsi, kinachokulinda zaidi ni yale mliyoandikiana.

Ukiona umedhulumiwa, anza na duka lenyewe. Rudi mapema, na uandike malalamiko yako. Msipopatana, fika katika ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu nawe. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la leseni za biashara na la kusimamia biashara ya haki. Malalamiko kuhusu maelezo ya uongo yanaweza pia kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kuhusu matumizi mabaya ya habari zako za binafsi, ofisi inayohusika ni ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Njia ya mahakama ipo pia. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inahusu madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Uliza utaratibu katika masjala ya mahakama iliyo karibu nawe.

IKIWA MASHINE IMEKUFA KABISA

Mpelekee fundi kwanza. Mashine isiyowaka mara nyingi ina tatizo la sehemu moja tu, na hata isipopona, fundi anaweza kununua padi, waya, feni au diski yake kwa vipuri. Mashine mbovu ya aina moja na yako isitupwe kabla ya kuokoa vipuri hivyo.

Kisichofaa tena ni taka ya kielektroniki, na haifai kutupwa jaani wala kuchomwa. Betri za padi huweza kulipuka zikitiwa motoni. Waya zikichomwa ili kutoa shaba hutoa moshi wenye sumu. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa zina madini ya risasi ndani ya kioo chake.

Sisi wa Pwani tunajua risasi hufanya nini. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathirika na sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri za magari. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Padi moja si kiwanda, lakini mashine za mji mzima zikichomwa miaka nenda miaka rudi, sumu hiyo huingia katika udongo, visima na mikondo ya bahari tunakovua.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Nchini Kenya, kituo cha WEEE Centre kilichoko Nairobi hupokea na kuvunjavunja vifaa hivi kwa njia salama. Vibanda vya gemu, shule na mafundi wa mji mmoja wanaweza kukusanya vyao pamoja na kusafirisha kwa mara moja. Kabla ya hapo, viwekeni kando na taka za jikoni, mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mmoja wetu kutenganisha taka pale zinapozalishwa.

KWA UFUPI

Linganisha pesa unayoongeza katika maduka mawili au zaidi. Hakikisha televisheni, CD na padi zako zinaendana na mashine unayochukua. Nakili gemu zako, kisha futa mashine ya zamani kikamilifu. Jaribu mashine unayopewa kwa nusu saa, ikiwa na intaneti. Andika nambari za mashine zote mbili, mtie sahihi, na uhifadhi karatasi hiyo pamoja na ujumbe wa malipo.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na lolote kati ya haya. Akikuharakisha, ondoka na mashine yako. Bado ni mali yako, na kesho soko litakuwepo.